Neno "École" na Jamaa Zake

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Burundi, Rwanda au mashariki ya Kongo aghalabu huulizwa na wanafunzi wake kama neno "shule" limetokana na "école" ya Kifaransa. Swali hili halifai kupuuzwa, kwa sababu nyuma yake zimejificha dhana mbili ambazo zimewatia wengi unyonge. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili ni lugha ya kuokoteza, isiyo na chake. Ya pili ni kwamba lugha kubwa za Ulaya, na hasa Kifaransa, zina maneno yao wenyewe tangu asili, hazikupata kumwomba mtu. Nakusudia hapa kulifuata neno "école" nyumani hadi lilikozaliwa, kisha kushuka nalo hadi kwetu, ili msomaji ajionee ni nani aliyemkopa nani.

Tuanze na umbo lenyewe. Mfaransa wa leo huandika "école", na kile kialama kilicho juu ya herufi ya kwanza si pambo. Ni kaburi la herufi iliyokufa. Katika maandishi ya karne ya 11 neno hili liliandikwa "escole", nayo sauti ya "s" ilisikika. Baadaye sauti hiyo ikadhoofika kila ilipotangulia konsonanti nyingine, na kufikia mwisho wa karne ya 13 ilikuwa imekwisha kutoweka vinywani mwa watu. Hata hivyo, waandishi waliendelea kuiandika kwa miaka mingine mia nne na zaidi, kwa mazoea tu, mpaka Académie ya Ufaransa ilipotoa chapa ya tatu ya kamusi yake mwaka 1740 na kuzifuta herufi za namna hiyo katika maelfu ya maneno. Mahali pengine zilipofutwa pakawekwa alama ya kofia, kama katika "hôpital" na "forêt". Hapa msomaji wa Kiswahili na atue kidogo. Sisi tunaposema "hospitali" tunaitamka ile "s" ambayo Wafaransa waliizika, kwa kuwa neno hilo lilitufikia kupitia Kiingereza, na Waingereza walilichukua kutoka kwa Wafaransa kabla ya maziko. Mlingala, kwa upande wake, husema "lopitalo", maana yeye alilipokea kwa Wafaransa na Wabelgiji wa siku za karibuni, tena pamoja na kile kiambatisho cha "l'" mbele yake. Na "hoteli" je? Nayo ni ndugu wa "hospitali" tumbo moja, kwani "hôtel" na "hôpital" zote mbili zimezaliwa na neno moja la Kilatini, "hospitale", mahali pa kupokelea wageni.

Sasa, ile "e" ya mwanzo katika "escole" ilitoka wapi? Kilatini hakikuwa nayo. Warumi walisema "schola". Lakini watu wa kawaida katika dola ya Kirumi waliona uzito kuanza neno kwa "s" iliyofuatwa na konsonanti nyingine, wakaisaidia kwa irabu ndogo mbele. Maandishi yaliyochongwa kwenye mawe tangu karne ya 2 B.K. yanaionyesha irabu hiyo, kwanza kwa sura ya "i", baadaye "e". Huko Hispania ikashika mizizi hata leo: Mhispania husema "escuela", Mreno "escola". Waitalia waliitupa, wakabaki na "scuola". Wafaransa waliihifadhi irabu wakaitupa "s". Kwa hiyo maneno mengi ya Kifaransa yanayoanza na "é" yana jozi katika Kilatini yenye "s": "écrire" ni "scribere", kuandika, "étroit" ni "strictus", iliyobanwa, "étoile" ni jamaa ya "stella", nyota. Mwanafunzi akiishika kanuni hii, nusu ya kamusi ya Kifaransa humfungukia.

Ila "école" ina dosari ndogo katika ukoo wake, na dosari hii ndiyo inayonipendeza kuliko yote. Irabu fupi "o" ya Kilatini, ikiwa ndani ya silabi yenye mkazo, ilibadilika kwa utaratibu katika lugha hizi. Neno "novus", yaani kipya, likawa "nuovo" kwa Waitalia, "nuevo" kwa Wahispania na "neuf" kwa Wafaransa. Kwa kipimo hicho "scuola" na "escuela" zimefuata sheria barabara. Kwa Kifaransa tungetarajia sauti ile ile ya "neuf", nayo haipo. "O" imebaki kama ilivyo. Sababu ni kwamba shule za Ufaransa ya kale zilikuwa mikononi mwa mapadri, na mapadri hawakuacha kulitamka neno la Kilatini kila siku. Charlemagne alipoamuru mwaka 789 kwamba kwenye nyumba za watawa na makao ya maaskofu pawe na shule za kuwafundisha watoto kusoma, lugha ya shule hizo ilikuwa Kilatini. Basi "école" ni neno lililolelewa nusu nyumbani na nusu kanisani, likachukua sura ya mama na sauti ya padri. Hata wenyewe hawawezi kusema kwamba wamelirithi lote kwa damu.

Baadaye Wafaransa walirudi tena kwenye Kilatini cha vitabuni na kuchota maneno mengine ya ukoo huo huo, safari hii bila kuyapitisha katika vinywa vya wakulima. Ndiyo maana wana "écolier", mwanafunzi, lenye sura ya nyumbani, na kando yake "scolaire", lihusulo shule, lenye "sc" kavu ya maktaba. Anayepita barabarani nchini Rwanda huona vibao vilivyoandikwa "Groupe Scolaire", na mbele kidogo "École Primaire", naye asijue kwamba amesoma neno moja mara mbili: moja limetembea kwa miguu karne nyingi, jingine limepanda gari.

Tukipanda zaidi ya Kilatini tunaukuta mshangao mkubwa. "Schola" haikuwa mali ya Warumi. Waliikopa kwa Wayunani, na Wayunani walikuwa na "skholē", neno lenye maana ya faragha, wasaa, muda ambao mtu hana kazi inayomshurutisha. Asili yake ni kitenzi cha kushika au kuzuia: ni kule kujizuia na shughuli. Kutoka maana ya wasaa likaja kumaanisha kile ambacho watu wenye wasaa walikifanya, yaani mazungumzo ya elimu, kisha kundi la watu wanaomsikiliza mwalimu fulani, na mwisho mahali wanapokutania. Aristotle alifundisha kwamba watu hushughulika ili wapate wasaa, wala hawapati wasaa ili washughulike. Ni fikra nzuri, lakini yafaa tukumbuke nani aliyelima na nani aliyechota maji wakati mabwana walipokuwa katika wasaa huo. Mji wa Athene ulikuwa na watumwa kwa maelfu. Shule ilizaliwa juu ya mgongo wa mtu ambaye hakuruhusiwa kuingia.

Warumi nao walikuwa na neno lao la shule ya watoto wadogo, "ludus", lenye maana pia ya mchezo. Hivyo taifa moja liliita shule wasaa, na jingine likaiita mchezo. Walioonja sidhani kama walikubali. Mshairi Horace alimtaja mwalimu wake Orbilius kwa sifa ya uchapaji, na fimbo ya mwalimu wa Kirumi, "ferula", ilikuwa mashuhuri kiasi kwamba Kifaransa kimeihifadhi hadi leo katika neno "férule". "Schola" iliingia kama neno la heshima, kwa ajili ya masomo ya juu ya balagha na falsafa, na pole pole ikalisukuma "ludus" nje ya mlango. Katika dola ya baadaye maana yake ilitanuka mno: vikosi vya walinzi wa mfalme viliitwa "scholae", na katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliielezea nyumba ya watawa kuwa ni shule ya kumtumikia Bwana. Kupitia watawa hao neno likapelekwa kaskazini, kwa watu ambao hawakuwahi kutawaliwa na Roma.

Hapa jamaa ni wengi, na nitawataja wachache tu. Waingereza walilipokea kutoka Kilatini moja kwa moja, bila kupitia Ufaransa, likawa "school". Wairishi wana "scoil". Watu wa Welisi wana "ysgol", nao wamelianzishia irabu yao wenyewe. Ajabu ni kwamba "ysgol" nyingine katika lugha yao ni ngazi, kutoka Kilatini "scala", hivyo shule na ngazi hutamkwa sawasawa, na mwalimu wa huko hakosi mfano wa kuwatolea watoto. Warusi husema "shkola", na Wahungaria, ambao lugha yao si ya ukoo wa Ulaya kabisa, wana "iskola". Wafini waliitupa "s" wakapata "koulu". Kwa Wajerumani lilikuwa "scuola" katika lugha yao ya kale, kisha mfuatano wa "sk" ukageuka kuwa "sh" katika lugha nzima, likawa "Schule". Kwa sheria hiyo hiyo "scribere" ya Kilatini, ambayo Wafaransa waliifanya "écrire", kwa Wajerumani ni "schreiben".

Na sasa tumefika pwani yetu. Mreno alitutangulia kabla ya Mjerumani. Alikaa hapa tangu mwisho wa karne ya 15 hadi alipofukuzwa mwanzoni mwa karne ya 18, akatuachia meza, leso na bendera. Lakini "escola" hakutuachia. Huko Malaya na Indonesia, ambako pia alifika, neno la shule hadi leo ni "sekolah", yaani "escola" hiyo hiyo, na neno la kanisa ni "gereja", kutoka "igreja". Kwetu "igreja" ilibaki kuwa gereza. Naona sababu ya kukosekana kwa "escola" haiko mbali: Mswahili alikuwa na chuo na madrasa kabla Mreno hajatia nanga. Chuo ni neno letu la kale, lililokuwa na maana ya kitabu na pia ya mahali pa kusomea kitabu, na kutoka humo tuna mwanachuoni. Hakukuwa na pengo la kuzibwa.

Pengo lilitokea ilipokuja shule ya namna nyingine, shule ya serikali. Hapa historia za maneno mawili zinakaribiana kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1881 na 1882 Jules Ferry alipitisha Ufaransa sheria za shule ya bure, ya lazima na isiyofungamana na dini, na tangu hapo "l'école" ikawa mhimili wa taifa. Mtu huyo huyo alikuwa mtetezi mkubwa wa kupanua makoloni, na aliangushwa madarakani mwezi Machi 1885 kwa sababu ya vita vya Tonkin. Mwezi mmoja kabla ya hapo, huko Ujerumani, Kaisari alikuwa ametia sahihi hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya ardhi ya bara letu. Hivyo "école" na "Schule" zilipanda meli katika miaka ile ile.

Wadachi, kama wazee wa pwani walivyowaita Wajerumani, walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Haikuwa ya dini, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Vijana waliohitimu humo na katika zile zilizofuata walitumwa bara kuwa makarani, walimu na maakida, wakaenda na neno "shule" katika mizigo yao. Liliwaingia watu upesi kwa kuwa halikuwa na mshindani: chuo kilikuwa cha Korani, na hiki kilikuwa kitu kingine. Neno jingine la Wadachi lililofuata njia hiyo ni "hela", kutoka "Heller", sarafu ndogo waliyoitoa mwaka 1904. Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini yao hadi 1916, zilipokea yote mawili. Mrundi hadi leo huita shule "ishule", wingi wake "amashule", na fedha huita "amahera". Mnyarwanda, kwa kuwa lugha yake hupenda "r", husema "ishuri" na "amashuri".

Kisha Wabelgiji wakaja. Kuanzia 1916 walizitawala nchi hizo mbili, wakafundisha Kifaransa na kuandika "école" juu ya milango. Walikaa hadi 1962, muda mrefu kuliko Wadachi, na hawakufaulu kuling'oa neno lililowatangulia. Watoto walipita chini ya kibao cha "école" wakienda "ishule". Huo ndio ushahidi wa kumjibu mwanafunzi anayeuliza. "Shule" isingeweza kuzaliwa na "école", kwa sababu hakuna kanuni iwezayo kuitoa "sh" katika neno ambalo lilipoteza "s" yake zamani; na, kwa upande wa historia, ilikuwapo kabla Kifaransa hakijawa lugha ya utawala hapa. Kwa hesabu ya ukoo, "école" ni mama mdogo wa "shule".

Unguja mambo yalikuwa vingine. Visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, kwa hiyo Mzanzibari akapata "skuli", iliyohifadhi "sk" kama Kiingereza chenyewe. "Shule" na "skuli" basi ni watoto wa ndugu wawili wa kike, ambao kwa desturi zetu ni ndugu tu. Kuna kichekesho hapa ambacho wanafunzi wangu hukifurahia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ilifuata uamuzi huo. Lakini kwa jambo hili moja, yaani jina la mahali ambapo Kiswahili sanifu kingefundishwa, bara ilishinda. Hata Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, leo husema shule.

Yafaa sasa nitoe tahadhari, kwa sababu watu wakishaanza kupenda asili za maneno huona jamaa kila pembe. Wapo watakaosema kwamba "i" ya "ishule" ni ile ile "i" ambayo Warumi wa kawaida waliiweka mbele ya "schola". Sivyo. Ya Warumi ilikuwa fimbo ya kumsaidia mtu kutamka. Ya Kirundi ni kiambishi cha ngeli, na hudhihirika inapopisha "ama-" katika wingi. Wabantu wa kusini wamekwenda mbali zaidi. Watswana waliposikia neno la Wazungu walilifanya "sekolo", wakaiona silabi ya kwanza kuwa ni kiambishi cha umoja, na wingi wakasema "dikolo". Wamelivua neno la Kiyunani "s" yake wakamvika ngeli ya Kibantu. Hilo halitushangazi sisi tulioigawa "kitabu" ya Kiarabu kuwa ki-tabu na vi-tabu.

Tahadhari ya pili ni "okul" ya Kituruki. Kwa sikio ni "école" tupu. Lakini katika mageuzi ya lugha ya miaka ya 1930, Waturuki walipokuwa wakiondoa maneno ya Kiarabu, waliliacha "mektep" na kulitunga "okul" kutokana na kitenzi chao "okumak", kusoma. Wataalamu wengi huamini kwamba walilikata kwa makusudi lifanane na neno la Kifaransa. Ni mtoto wa nyumbani aliyevishwa koti la mgeni.

Njia hiyo ya kutunga kutokana na kusoma si ngeni kwetu pia. Waganda huita shule "essomero", mahali pa kusomea. Na katika Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi, ambako Mdachi hakutawala, mtoto huenda "ku masomo". Walimu wenzangu wengine humsahihisha mtoto huyo kwa ukali, wakimwambia aseme "shule" kwa kuwa ndiyo sanifu. Asahihishwe katika mtihani, sawa. Lakini asiambiwe kwamba Kiswahili chake ni kibovu, maana katika nyumba nzima ya maneno niliyoyataja, lake ndilo ambalo halikukopwa Ulaya.

Limesalia jambo moja la maana ya kwanza. Wayunani wa leo, ambao kwa kawaida twawaita Wagiriki, wana "skholio" kwa shule, na maana ya wasaa imefutika humo kama ilivyofutika katika "école" na "shule". Ila imebaki katika kitenzi chao "skholao". Mgiriki hukitumia jioni, kazi inapokwisha, na watoto hukitumia kengele ya mwisho inapolia wakatoka darasani kwenda zao.